Kodi ya nyumba Mikocheni, uamuzi Dodoma: Kinondoni inabaki na nini?

- Julai 2016 kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU.
- Madiwani hupitisha bajeti miezi kadhaa kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Fedha, hivyo chanzo cha mapato kinaweza kuondoka wakati mipango imeshafungwa.
- Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani na pia ndiye anayepiga kura Dodoma. Hapo ndipo mwananchi anaweza kuanzia kuuliza.

Dar es Salaam. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, usiishie kunakili namba za tokeni. Shuka chini kwenye mistari midogo ya risiti. Utaona VAT, utaona makato ya REA na EWURA, halafu utaona kodi ya majengo: Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida, au Sh7,500 kama unaishi kwenye ghorofa au apatimenti yenye mita yake.

Kwa mwaka ni Sh18,000 au Sh90,000. Usiponunua umeme mwezi huu, deni halifutiki. Linakusubiri mwezi unaofuata.

Wakazi wengi wa Mikocheni wameshazoea makato hayo. Kisichozoeleka ni jibu la swali linalofuata: fedha hiyo inaenda wapi, na nani aliamua iende huko? Mvua ikipiga na mtaro ukafurika, wa kwanza kupigiwa simu ni mwenyekiti wa mtaa, wa pili diwani. Wote wawili hawana mamlaka juu ya kodi hiyo hata senti moja.

Hii ndiyo hali ya Manispaa ya Kinondoni na halmashauri nyingine nchini. Bajeti inapitishwa na madiwani, lakini chanzo kipi kibaki, kipi kiondoke na kwa kiwango gani ni mambo yanayoamuliwa Dodoma. Anayetaka kujua mtaa wake utapata nini mwaka kesho analazimika kufuatilia vikao vya sehemu zote mbili.

Kodi iliyohama mara kadhaa

Kodi ya majengo kwa asili yake ni kodi ya mji. Sheria ya mwaka 1983 ya ukadiriaji wa majengo mijini iliipa mamlaka ya mji kazi ya kuthamini nyumba na kutoza. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 nayo iliiorodhesha miongoni mwa vyanzo vya halmashauri.

Mantiki yake ni nyepesi. Nyumba haihami. Barabara ikitengenezwa na taa zikiwekwa, thamani ya nyumba inapanda. Anayeifaidi thamani hiyo anachangia kidogo ili mji uendelee kuhudumiwa.

Mwaka 2008 Serikali iliikabidhi Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kazi ya kukusanya kodi hiyo katika manispaa za Dar es Salaam, wakati huo zikiwa Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2014 kazi ikarudi kwa manispaa zenyewe.

Haikudumu. Tarehe 8 Juni 2016 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk Philip Mpango, alisoma bajeti yake ya kwanza, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikairudisha kodi ya majengo TRA. Utekelezaji ulianza Julai 1. Kutoka siku ya hotuba hadi siku ya kuanza hazikutimia wiki nne. Mwaka 2017 mabango ya matangazo nayo yakaongezwa kwenye orodha ya TRA.

Kisha kikaja kiwango cha mkupuo. Badala ya kuangalia thamani ya jengo, nyumba ya kawaida ikawekewa Sh10,000 kwa mwaka na kila sakafu ya ghorofa mijini Sh50,000. Mwaka 2021 viwango vikawa Sh12,000 na Sh60,000, na kuanzia Agosti 20 mwaka huo makato yakahamia kwenye LUKU. Julai 2023 vikapanda tena hadi Sh18,000 na Sh90,000.

Ndani ya miaka miwili, kodi hiyo ilipanda kwa asilimia 50. Hakuna diwani wa Kinondoni aliyeipigia kura.

Mwenye bwawa na mwenye chumba walipa sawa

Kiwango cha mkupuo kina faida yake. Ni rahisi kukielewa, hakihitaji mthamini, na hakuna ofisa wa kuja getini kubishana na mwenye nyumba.

Lakini tazama kinachotokea ndani ya wilaya moja. Nyumba ya chini Regent Estate, yenye bustani, bwawa la kuogelea na magari manne, ni "nyumba ya kawaida". Nyumba ya vyumba viwili Tandale nayo ni "nyumba ya kawaida". Zote zinalipa Sh18,000 kwa mwaka.

Upande wa pili, jengo la apatimenti 12 Mikocheni linachangia Sh1,080,000 kwa mwaka, kwa sababu kila mita inakatwa Sh90,000. Mara nyingi anayelipa si mwenye jengo. Sheria inamtaja mmiliki kuwa ndiye mlipaji, ila mita haimjui mmiliki, inamjua anayeingiza tokeni. Mpangaji anakatwa, kisha anaachiwa kazi ya kuelewana na mwenye nyumba wake wakati wa kulipa pango.

Kama kodi hii ingekuwa bado inapangwa na baraza la madiwani, huo ungekuwa mjadala wa Kinondoni: Mikocheni na Masaki walipe kiasi gani, Tandale na Mwananyamala kiasi gani. Sasa ni mjadala wa nchi nzima, na kwenye mjadala wa nchi nzima sauti ya kata moja haisikiki.

Barabara nazo zikaondoka

Fedha haikuondoka peke yake. Julai 2017 Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulianza kazi na kuchukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri. Fedha zake zinatoka zaidi Serikali Kuu, zikiwemo zile za Mfuko wa Barabara. Bajeti ya 2021/22 iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo.

Kwa hiyo mkazi wa Mikocheni anayetoka barabara ya vumbi kuingia Barabara ya Mwai Kibaki ameshachangia mara mbili kabla hajafika kazini: kwenye umeme na kwenye mafuta. Michango yote miwili imepita juu ya kichwa cha manispaa yake.

Matokeo yake ni mkanganyiko ambao mvua huuanika kila mwaka. Taka zilizoziba mtaro ni kazi ya manispaa. Mtaro wenyewe, ukiwa kando ya barabara ya mtaa, ni wa TARURA. Mto Mlalakuwa ambako maji yanatakiwa kwenda uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Barabara ya Bagamoyo ni ya TANROADS. Maji hayajui mipaka hiyo, yanaingia sebuleni tu.

Diwani anabaki kuwa mtu wa kuandika barua na kupiga simu. Mpiga kura anamwona hafanyi kazi. Ukweli ni kwamba kazi hiyo ilishahamishiwa kwingine kabla hajachaguliwa.

Kinachobaki Magomeni

Manispaa yenye makao yake Magomeni haijabaki mikono mitupu. Kinondoni ni wilaya ya watu 982,328 kwa Sensa ya mwaka 2022, na ni moja ya maeneo yenye biashara nyingi nchini.

Chanzo chake kikubwa cha asili ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Hapa Mikocheni ina mchango wa kutosha: eneo la viwanda vidogo, vyombo vya habari, hospitali binafsi, maduka makubwa na ofisi zilizokimbia foleni za Posta. Kuna pia leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa nyumba za kulala wageni, pango la masoko na ada ya taka.

Lakini hata hivyo vyote vina kamba inayofika Dodoma. Kiwango cha ushuru wa huduma kimewekwa kwa sheria ya Bunge. Ada za leseni zimepangwa kitaifa. Ada ya taka inatungiwa sheria ndogo na madiwani, ila sheria ndogo hiyo haina nguvu mpaka iidhinishwe na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Na hata fedha ikishaingia, mwongozo wa bajeti unaielekeza halmashauri sehemu gani iende kwenye maendeleo na sehemu gani kwenye matumizi ya kawaida.

Mfano mzuri ni mikopo ya asilimia 10. Mwaka 2018 Bunge liliweka kwenye sheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha ni ya halmashauri, kanuni ni za kitaifa.

Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kusitishwa kwa utoaji wake. Mikopo ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, huku halmashauri 10 zikichaguliwa kwa majaribio ya kutumia benki.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kikundi cha mama lishe wa Kinondoni kilichokuwa kimerejesha mkopo wake kwa uaminifu kilisubiri sawa na kikundi hewa cha wilaya nyingine.

Hoja ya Serikali ina uzito

Si haki kusema Dodoma inachukua kwa sababu tu inapenda kuchukua. Hoja za Serikali zinajulikana na baadhi zina ukweli.

Kwanza, kukusanya kodi ya majengo nyumba kwa nyumba kulikuwa kazi ngumu. Orodha za nyumba zilipitwa na wakati, uthamini ulikuwa ghali, na wenye nyumba wengi hawakulipa. LUKU imemfikia kila mwenye mita bila kuajiri mkusanyaji.

Pili, si kila halmashauri ni Kinondoni. Wilaya isiyo na viwanda wala maghorofa nayo inahitaji kituo cha afya. Fedha ikikusanywa mahali pamoja, aliyenacho anamsaidia asiyenacho.

Tatu, rekodi ya halmashauri zenyewe haijawa safi. Ripoti za CAG kila mwaka zina kurasa za fedha mbichi, yaani makusanyo yaliyotumika bila kupelekwa benki. Ndiyo maana makusanyo yalihamishiwa kwenye malipo ya kontroli namba na mifumo kama TAUSI.

Hoja hizi zinajibu swali la nani akusanye. Haziligusi swali la nani aamue, wala la kiasi gani kirudi. Kwa nyakati tofauti Serikali imekuwa ikirejesha sehemu ya makusanyo kwa halmashauri, lakini kugawiwa na kumiliki ni vitu viwili. Anayegawiwa hupanga akishapewa, na hana uhakika na siku ya kupewa.

Hili si jipya. Mwaka 2003 Serikali ilipofuta kodi ya maendeleo, ile iliyozoeleka kama kodi ya kichwa, wananchi wengi walifurahi na walikuwa na sababu. Halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya fidia. Ruzuku ilikuja, ila kiasi chake na muda wake vikawa vya Hazina kupanga.

Tatizo la kalenda

Ugumu mkubwa kwa halmashauri uko kwenye tarehe kuliko hata kwenye viwango.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo, Hazina hutoa mwongozo wa bajeti mwishoni mwa mwaka. Mitaa inaorodhesha vipaumbele, Kamati ya Maendeleo ya Kata inavipitia, na mapema mwaka unaofuata baraza la madiwani linakaa na kupitisha makisio ya mapato na matumizi. Yanapanda mkoani, kisha TAMISEMI na Hazina.

Aprili Bunge linaanza mkutano wa bajeti, na makadirio ya TAMISEMI huwa miongoni mwa ya mwanzo kujadiliwa. Katikati ya Juni Waziri wa Fedha anasoma hotuba kuu. Mwisho wa Juni unapita Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ndiyo unaobadili viwango na vyanzo.

Weka tarehe hizo sambamba. Madiwani wanakisia mapato kwa sheria iliyopo mwanzoni mwa mwaka. Bunge linaweza kubadili sheria hiyo Juni. Julai manispaa inaanza kutekeleza bajeti ambayo msingi wake umesogezwa.

Ndicho kilichotokea mwaka 2016. Halmashauri za miji zilikuwa zimeshapitisha bajeti kodi ya majengo ikiwa bado yao. Hotuba ya Juni ikabadili kila kitu, na mwaka wa fedha ukaanza hivyo hivyo.

Na mwaka huo Kinondoni ilikuwa na mtihani mwingine: Ubungo ilikuwa inakatwa kutoka kwake kuwa wilaya na manispaa inayojitegemea. Miaka michache baadaye, Februari 2021, hata Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa tangazo la Rais John Magufuli, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Mpangaji wa bajeti katika mazingira hayo anajenga juu ya mchanga.

Jirani wanafanyaje?

Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 209, inaipa serikali ya kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya majengo. Bunge la Taifa haliwezi kuichukua kwa sheria ya fedha ya mwaka mmoja. Ibara ya 203 inaweka kwamba kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti ipo kulinda maslahi yao.

Haimaanishi kwamba kaunti zinakula kwa raha. Mwaka 2019 mvutano kati ya Bunge la Taifa na Seneti juu ya mgawo ulivuka mwanzo wa mwaka wa fedha. Seneti ilitaka zaidi ya Sh335 bilioni za Kenya, na mwisho ikakubaliwa Sh316.5 bilioni. Magavana walikwenda hadi Mahakama ya Juu.

Tofauti ni kwamba ugomvi ule ulionekana. Mkazi wa Mombasa au Kisumu alijua nani anataka kiasi gani na nani anakataa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na ibara ya 138 inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Kati ya ibara hizo mbili, hakuna inayotaja kodi ipi ni ya halmashauri na haiguswi.

Mwananchi afuatilie wapi?

Kwa mkazi wa Mikocheni, kufuatilia si lazima kusafiri kwenda Dodoma. Kuna vituo vinne kwenye mwaka ambavyo vinatosha.

*Novemba hadi Januari:* mkutano wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapa ndipo mtaro au zahanati inaingia kwenye orodha. Kisichoandikwa hapa hakiwezi kukatwa huko juu kwa sababu hakipo kabisa.

*Januari hadi Machi:* baraza la madiwani. Vikao vyake ni vya wazi na mwananchi anaruhusiwa kusikiliza. La kuuliza ni moja: makisio ya mapato ya ndani yamepanda au yameshuka, na kwa sababu gani?

*Aprili:* ripoti ya CAG kuhusu serikali za mitaa huwasilishwa bungeni. Itafute halmashauri yako uone kilichokisiwa na kilichokusanywa.

*Juni:* Muswada wa Sheria ya Fedha. Ukurasa wa kutafuta ni ule wenye marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa na ya kodi ya majengo. Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kabla muswada haujapitishwa. Dirisha ni dogo, siku chache tu, na kwa kawaida wanaolitumia ni vyama vya wafanyabiashara na kampuni za ukaguzi wa hesabu. Serikali za mitaa za kata husikika kwa nadra.

Mtu wa kumshika ni mbunge. Mikocheni iko Jimbo la Kawe, na mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Mapema mwaka anakuwa na madiwani wakikisia mapato. Juni yuko Dodoma akisema "ndiyo" au "siyo" kwa sheria inayoweza kuyapunguza. Anajua kura yake ya Juni inafanya nini kwa bajeti ile. Ni haki kumuuliza.

Risiti ipo, hesabu haipo

Kuna jambo moja ambalo LUKU imeliwezesha na halijatumika. Zamani ilikuwa vigumu kujua kata fulani imelipa kodi ya majengo kiasi gani. Leo kila mita ina namba, ina mahali ilipofungwa, na kila makato yanaacha kumbukumbu.

Maana yake, Serikali inaweza kuchapisha kila mwaka makusanyo ya kodi ya majengo kwa kila kata, na kando yake kiasi kilichorudi halmashauri. Haihitaji kubadili sheria wala kuinyang'anya TRA kazi yake. Inahitaji jedwali tu.

Jedwali hilo likibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata Mikocheni, mjadala utabadilika. Diwani atakuwa na cha kushika anapokwenda TARURA. Mbunge atakuwa na cha kujibu. Na mpangaji anayekatwa Sh7,500 kila mwezi atajua kama zimeishia kwenye kalavati la mtaani kwake, kwenye kituo cha afya cha wilaya nyingine, au bado zinasubiri Hazina.

Mpaka siku hiyo, mkazi wa Mikocheni anabaki na nusu ya hesabu: anaona alichotoa kwenye risiti ya umeme, haoni kilichorudi.